KABLA YA KUREJEA BUSI

Tuchukue mfano wa kijana aliyetoka Busi, wilayani Kondoa, akapata nafasi ya masomo ya mwaka mmoja Ulaya. Mitihani imekwisha, na zimesalia wiki tatu kabla ya siku ya kupanda ndege. Mkononi anayo akiba kidogo aliyoipata kwa kujinyima. Nyumbani mama anawaza bati za nyumba, na mdogo wake anangoja ada. Kijana mwenyewe anatamani kuizunguka Ulaya kabla hajaondoka. Je, hiyo ni anasa?

Wazazi wengi watajibu kuwa ni anasa, na hatuna haki ya kuwabeza, kwani wao ndio waliouza mifugo ili mtoto asome. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kuwa safari hiyo yafaa ifanywe, mradi iwe fupi, ipangwe, na matunda yake yarejeshwe nyumbani.

WALIOTANGULIA

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia, na habari za safari yake zikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1901. Mwaka 1931 Martin Kayamba alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, kisha akawaandikia wenzake kitabu juu ya aliyoyaona. Hawa wawili hawakwenda kwa masomo, lakini wametuachia fundisho: walichokiona hawakukifanya siri yao.

KIBALI KWANZA

Msafiri na aanze kwa kutazama karatasi zake. Mwenye kibali cha ukaazi kilichotolewa na nchi mojawapo ya Schengen, ambazo sasa ni 29, aweza kuzitembelea nyingine kwa muda usiozidi siku 90 katika kila siku 180, bila kuomba viza upya. Uingereza na Ayalandi hazimo. Aliyesoma huko hana budi kuomba viza ya Schengen mapema. Na kibali kikiisha, safari imekwisha. Kuzamia mjini kwa kutegemea bahati kwaweza kumfungia njia ya kurudi huko siku za usoni.

AONE NINI?

Mtu aweza kupiga picha chini ya kila mnara akarudi mtupu. Kijana wa Kondoa anao utajiri wa maswali aliyotoka nayo kwao, na yafaa ayafuate hayo.

Akifika Berlin, ulikofanyika mkutano wa 1884 na 1885 ulioweka masharti ya kugawana Afrika, aingie katika makumbusho ya viumbe. Humo umesimama mfupa mzima wa mnyama wa kale, wenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mifupa hiyo ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913. Mamia ya wananchi waliichimba, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini. Mtanzania anayesimama hapo anatazama jasho la babu zake.

Huko Ufaransa lipo pango la Lascaux, lenye michoro ya kale ya wanyama. Liligunduliwa mwaka 1940, likafungwa kwa watalii mwaka 1963 kwa kuwa pumzi za wageni zilikuwa zikiiharibu michoro. Siku hizi mgeni huonyeshwa nakala yake. Kijana wetu atakumbuka kwamba Kolo, katika wilaya yake mwenyewe, michoro ya asili ingali juu ya miamba. Ndiyo ile ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na ambayo tangu 2006 imo katika urithi wa dunia. Atajiuliza: je, tunaitunza ipasavyo? Swali hilo pekee latosha kulipia nauli.

Hali kadhalika Sweden. Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi, kikiwamo kile cha Munguri huko Kondoa, vilianzishwa kuanzia 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya nchi hiyo. Ni Sweden pia iliyosaidia mradi wa hifadhi ya ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, na ambao mwaka 1979 uliondoa mifugo katika sehemu za Kondoa zilizoliwa na mmomonyoko. Wazee wanaikumbuka amri hiyo vizuri, maana iligusa mazizi yao. Inafaa kijana akaone vyuo vile vinavyoendeshwa huko vilikoanzia, aje apime kipi kilitufaa na kipi hakikutufaa.

HESABU NYUMBANI

Basi, kijana, igawe akiba yako kabla ya kukata tiketi: fungu la nyumbani litangulie, linalosalia ndilo la safari. Beba daftari, na kila jioni andika. Nanyi wazazi, akirejea msimwulize zawadi tu. Mkalisheni mbele ya majirani na walimu wa shule aliyosoma, asimulie na aulizwe. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini kuna anayerudi na mzigo wa nguo, na kuna anayerudi na jambo la kuwafaa wengi.