Hospitali za wananchi zaufunza ulimwengu juu ya dripu

Katika kazi yetu ya ulinzi tumezoea kupokea amri na kuitekeleza. Hata hivyo tumefunzwa pia kwamba mbinu isiyopimwa baada ya mapigano ni mbinu ya hatari, hata kama imeandikwa katika kitabu kinachoheshimiwa na wote. Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi pamoja na jamaa zao, habari ya waganga na wauguzi wa hospitali sita za Afrika Mashariki ambao walithubutu kuipima mbinu moja ya tiba iliyosifiwa katika vitabu vya nchi tajiri. Walipoipima waliona kwamba, kwa watoto wetu, iliongeza vifo badala ya kuvipunguza.

Hospitali hizo ni Mulago, Soroti, Mbale na Lacor katika Uganda. Kilifi katika pwani ya Kenya. Na Hospitali Teule ya Muheza katika Tanzania. Ukiiondoa Mulago, ambayo ni hospitali kuu ya taifa, zilizobaki ni hospitali za mikoa, za wilaya na za misheni. Hospitali ambazo mkulima, mchuuzi na askari wa cheo cha chini hupeleka watoto wao usiku wa manane. Askari wengi wa Uganda waliopata kutumikia Gulu, Soroti au Mbale wanazijua wodi hizo, kwani wamelaza humo watoto wao wenyewe.

SWALI LENYEWE

Mtoto anapopatwa na homa kali itokanayo na malaria au na vijidudu vilivyoingia katika damu, wakati mwingine damu hushindwa kuzunguka mwilini kama ipasavyo. Mikono na miguu huwa baridi ingawa kifua kinawaka moto. Moyo hupiga mbio, mapigo ya mkononi huwa dhaifu, na mtoto huhema kwa shida au kupoteza fahamu. Waganga huiita hali hiyo mshtuko, nayo ni mlango wa mauti.

Kwa miaka mingi vitabu vya nchi tajiri viliagiza kwamba mtoto wa namna hiyo amiminiwe maji mengi katika mshipa, tena kwa haraka, ili damu ipate nguvu ya kuzunguka. Agizo hilo lilitoka katika hospitali zenye wodi za wagonjwa mahututi, mashine za kupumulia, na muuguzi mmoja kwa kila kitanda. Aidha, ushahidi wake haukuwa mwingi. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliotajwa sana, uliochapishwa mwaka 1991, ulihusu watoto 34 tu.

Barani Afrika hospitali nyingi hazikuifuata mbinu hiyo kikamilifu kwa uhaba wa vifaa na watumishi, na Shirika la Afya Duniani lilishauri itumiwe kwa wale tu waliozidiwa kabisa. Ndipo likazuka swali zito. Je, watoto wetu wanakufa kwa sababu ya kukosa maji hayo? Kama ndivyo, basi serikali zetu hazina budi kuyanunua na kuwafundisha wauguzi kuyatumia. Na kama sivyo, yafaa lijulikane mapema. Swali hilo lisingeweza kujibiwa London wala New York, kwa kuwa wagonjwa wenyewe hawakuwa huko.

KURA NDANI YA BAHASHA

Kazi ilianza mwezi wa Januari 2009. Iliongozwa na Profesa Kathryn Maitland, aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, na kwa upande wa Uganda na Profesa Sarah Kiguli wa Chuo Kikuu cha Makerere. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Waliouendesha uchunguzi usiku na mchana walikuwa waganga na wauguzi wa hospitali zenyewe. Miongoni mwao ni Dk. Charles Engoru wa Soroti, Dk. Peter Olupot-Olupot wa Mbale, Dk. Richard Nyeko wa Lacor na Dk. George Mtove wa Muheza, ambao majina yao yamo katika ripoti iliyotangazwa ulimwenguni.

Kabla ya kuanza, watumishi walifunzwa kumtambua haraka mtoto aliye hatarini mara tu afikapo mlangoni, badala ya kumwacha katika foleni. Zililetwa pia oksijeni na vyombo vya kuangalia hali ya mgonjwa. Waliopokelewa walikuwa watoto wa umri kuanzia siku 60 hadi miaka 12.

Watoto waligawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilimiminiwa kwa haraka maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu. La pili lilimiminiwa maji ya chumvi ya kawaida. Kipimo kilikuwa mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto. Fungu la tatu halikupewa maji ya haraka. Lilipewa dripu ya polepole ya kuutunza mwili tu. Mafungu yote matatu yalipata dawa za malaria, dawa za kuua vijidudu, oksijeni, na damu kwa aliyehitaji.

Ni nani aliyechagua mtoto aingie fungu lipi? Hakuna. Kila zamu ilikuwa na bahasha zilizofungwa na kutiwa namba, zisizoonyesha kilichomo, na zilifunguliwa kwa kufuata namba zake. Sisi wanajeshi tunaijua desturi ya amri iliyofungwa, ambayo hata aliyeibeba hajui kilichomo hadi saa ya kuifungua. Sababu yake hapa ni hii: mganga akiachiwa achague, huruma yake itampeleka kuwapa maji wale anaodhani watapona, au wale anaodhani watakufa, na mwishoni hesabu itakuwa imepotoka. Kura haina huruma wala chuki, na kwa hiyo ushahidi wake unaaminika.

Juu ya idhini ya wazazi, utaratibu uliwekwa na kamati za maadili. Mzazi alielezwa na kuombwa kutia sahihi. Pale ambapo mtoto alikuwa mahututi na hapakuwa na nafasi ya maelezo marefu, ilikubaliwa idhini itolewe kwanza kwa mdomo, kisha maelezo kamili na sahihi vifuate mara hali itakaporuhusu.

MACHO YALIDANGANYWA

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Baada ya saa moja tu, watoto waliomiminiwa maji ya haraka walionekana kuwa na nafuu kuliko wenzao. Katika kila watoto 100 wa mafungu hayo mawili, 43 walikuwa wametoka katika hali ya mshtuko. Katika fungu lisilopewa maji ya haraka, walikuwa 32. Muuguzi yeyote aliyesimama kando ya kitanda angeapa kwamba maji yale ni dawa. Mikono iliyokuwa baridi imepata joto, na mama anatabasamu.

Lakini hesabu ilipofanywa baada ya saa 48, mambo yaligeuka. Katika watoto 1,050 waliopewa albumini, 111 walikuwa wamekufa. Katika watoto 1,047 waliopewa maji ya chumvi, waliokufa walikuwa 110. Katika watoto 1,044 ambao hawakupewa maji ya haraka, walikufa 76. Yaani kati ya kila watoto 100, maji ya haraka yaliongeza vifo zaidi ya vitatu.

Ndugu zetu wa polisi wanaelewa vema jambo hili. Mpelelezi hamtii mtu hatiani kwa sura yake, wala hamwachilii kwa tabasamu lake; hukusanya ushahidi mpaka ukamilike. Nafuu ya saa moja ilikuwa sura. Ushahidi ulikuwa katika daftari la siku mbili.

AMRI YA KUSITISHA

Kulikuwa na kamati ya wataalamu walio nje ya uchunguzi, ambao kazi yao ilikuwa kuzikagua takwimu kila baada ya muda. Mpango ulikuwa kupokea watoto 3,600. Mwezi wa Januari 2011, walipokwisha kupokelewa zaidi ya 3,100, kamati hiyo iliona hatari na ikashauri kazi isimamishwe. Ikasimamishwa. Matokeo yalitangazwa mwaka huo huo wa 2011 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine.

Yupo atakayeuliza swali chungu: je, watoto hawa hawakutolewa mhanga? Sisi hatulikwepi swali hilo. Tukipiga hesabu wenyewe, mafungu mawili ya maji ya haraka yangekuwa na vifo kwa kadiri ile ya fungu la tatu, wangekufa takriban watoto 150. Lakini waliokufa ni 221. Tofauti hiyo ni watoto wa watu, wenye majina na wazazi. Lakini kabla ya uchunguzi hapakuwa na mtu aliyejua. Waliobobea katika fani hiyo waliamini kinyume. Kama maji ya haraka yangeenezwa katika hospitali zetu zote bila kupimwa, watoto wangekufa mwaka baada ya mwaka, na kila mmoja angeandikwa kuwa ameuawa na homa. Hakuna ambaye angewahesabu. Tofauti kati ya uchunguzi na mazoea ni kwamba uchunguzi unayo daftari, na unaye mtu mwenye mamlaka ya kusema: simameni.

ULIMWENGU WAPOKEA KWA UZITO

Haikuwa rahisi kuaminiwa. Baadhi ya waganga wa ng'ambo walidai kwamba pengine watoto walizamishwa na maji katika mapafu kwa kukosa mashine, au kwamba malaria ndiyo iliyoharibu hesabu. Watafiti wakarudi katika madaftari yao. Mwaka 2013 walieleza kwamba vifo vilivyozidi vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kazi, wala si hasa na maji kujaa katika mapafu. Tena hapakuonekana kundi lolote la watoto, wenye malaria au wasio nayo, ambalo maji ya haraka yalilinufaisha.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya. Mtoto ambaye mzunguko wake wa damu umedhoofika, lakini hajawa na dalili zote za mshtuko, asimiminiwe maji kwa haraka. Na yule mwenye dalili zote apewe kwa kiasi, tena polepole zaidi kuliko zamani. Neno lililotoka Soroti na Muheza sasa linasomwa na waganga wa kila bara.

Wala kazi haikukomea hapo. Hospitali za Uganda, zikiwemo Mbale na Soroti, pamoja na hospitali ya Blantyre katika Malawi, zilichunguza habari ya kuwaongezea damu watoto wenye upungufu mkubwa wa damu. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Yalionyesha kwamba mtoto ambaye upungufu wake haujaleta dalili za hatari anaweza kuangaliwa kwa makini na kupewa damu endapo tu hali itabadilika, bila vifo kuongezeka. Katika nchi ambamo chupa ya damu ni adimu, hilo si jambo dogo.

MIPAKA YA FUNDISHO HILI

Yatupasa tuseme wazi, ili pasitokee wa kupotoka. Uchunguzi wa maji ya haraka haukuwahusu watoto wenye kuhara, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kujeruhiwa. Mtoto aliyekaukiwa kwa kuhara bado anahitaji maji, tena upesi. Askari aliyepigwa risasi na kupoteza damu ana matibabu yake mengine. Asije mtu akamzuia mganga kumtibu majeruhi au mgonjwa wa kipindupindu kwa kusingizia maneno yetu.

WAJIBU WETU

Katika kambi zetu na katika nyumba za polisi imeenea imani kwamba mgonjwa asiyetundikiwa dripu hajatibiwa. Yupo mzazi anayefika hospitali akiwa amevaa sare, akaanza kumwamrisha muuguzi: mtundikie mwanangu dripu sasa hivi! Muuguzi anaona nyota begani, anatetemeka, anatii. Mzazi huyo anadhani amemwokoa mwanawe, kumbe huenda amemsogeza karibu na kaburi. Cheo ni cha kazi yetu. Katika wodi, kamanda ni yule aliyefunzwa kuponya.

Jambo la pili ni kuwahi. Mtoto mwenye homa kali, anayehema kwa shida au mwenye miguu baridi, apelekwe hospitali mara moja, asingojee mshahara wala mapambazuko.

Jambo la tatu ni juu ya uchunguzi wenyewe. Ikitokea mganga akuombe idhini mtoto wako aingizwe katika uchunguzi, usikimbie kwa uvumi wa mitaani, wala usitie sahihi kwa woga. Kuuliza si ujinga. Uliza wanapima nini, hatari ni ipi, nani anawakagua, na kama unaweza kumtoa mtoto wakati wowote utakapo. Mganga mwaminifu hatachoka kujibu. Ukiridhika, toa idhini. Usiporidhika, kataa, na mtoto wako anayo haki ya kutibiwa vile vile.

Twawapa heshima yetu wauguzi na waganga wa hospitali hizo sita. Waliziona dalili za nafuu kwa macho yao, nao wakakubali kuamini daftari pale lilipoyapinga macho. Huo nao ni ushujaa, na nidhamu ya namna hiyo yatufaa sisi tuliobeba silaha.