Nani anaandika mu buku ya mishahara: karani ao mashini?

Wandugu wa mu mine, mama na baba wa kwetu, mu biro za kontabilite kunaingia mufanyakazi mupya. Hana kofia ya shantie, hana matrikule, na hata siku moja hatamuona ku mukutano wa sendika. Wanamuita ajenti ya IA, ni kusema programu ya akili ya kutengenezwa. Unaiambia kwa maneno ya kawaida: «Tayarisha mishahara ya mwezi wa tano», nayo inatafuta yenyewe njia ya kuifanya.

Sisi wa sendika tuliuliza swali moja tu: inaingia mu kontabilite kwa mulango gani?

Ile akili haishiki buku yenyewe. Inapewa vyombo. Mu mwezi wa kumi na moja 2024, kampuni ya Marekani yenye jina Anthropic ilitoa kanuni moja ya wazi, yenye kuitwa MCP, kusudi programu mbalimbali ziweze kuunganishwa na akili hizi kwa namna moja. Kila chombo kiko na jina, maelezo, na nafasi za kujaza: namba ya mufanyakazi, mwezi, jumla ya feza. Ajenti haioni ndani ya chombo. Inasoma maelezo, njo inachagua. Ni kama kijana mupya mu atelie: ukimuachia bido mbili bila etikete, atachukua ile iko karibu.

Tufikiri chombo chenye kuitwa «malipo», maelezo yake: «kufanya malipo». Malipo gani? Kuandika mu buku, ao kutuma feza ku banki? Chombo chenye kueleza muzuri kingesema hivi: «Inaandika mushahara wa mufanyakazi mumoja kwa mwezi mumoja, kama bruyo tu. Haitumi feza ku banki. Jumla iandikwe kwa dola. Usiitumie kama masaa ya ziada hayajasainiwa na shefu.» Mistari ine tu, lakini ndani yake muko chakula ya watoto.

Neno «dola» pale si la bure. Wengi wetu tuko na kontra ya dola na tunalipwa franga. Kama nafasi ya jumla haisemi ni feza gani, na ni kiwango cha siku gani, mashini inaweza kujaza namba na kuendelea. Haitaona haya, na pengine haitarudi kuuliza.

Tutazame masaa. Sheria yetu ya kazi inaweka masaa 45 kwa juma. Masaa 6 ya kwanza yenye kuzidi yanaongezewa 30%, yenye kufuata 60%, na siku ya kupumzika 100%. Sasa chombo kiko na nafasi moja tu: «masaa ya ziada: 10». Mutu mwenye kupata dola 2 kwa saa anapashwa kupata 15,60 kwa masaa 6, na 12,80 kwa yale 4: jumla dola 28,40. Mashini yenye haikuelezwa itaweka yote ku 30%, itatoa dola 26. Dola 2,40 zimepotea mu juma moja. Kwa watu 1 000, ni dola 2 400, na hakuna mutu mwenye aliiba.

Na CNSS, wandugu. Kila mwezi wanakata 5% ku mushahara wetu, na patro anaongeza 13% yake. Mu kontabilite ya OHADA, ile deni inaandikwa ku konti 43. Ajenti inaweza kuandika pale vizuri sana, fishi yako ikaonyesha imekatwa, na feza isifike ku CNSS. Kuandika si kulipa. (Hata kabla ya mashini tulijua hiyo.) Kwa hiyo tunataka chombo cha kuandika na chombo cha kulipa viwe mbali mbali, kila kimoja na maelezo yake.

Watu wa informatike wanatuambia: musiogope, chombo kinaweza kuwekwa alama «kusoma tu». Ni kweli, lakini ile alama ni onyo, si kufuli. Kufuli ni haki zenye ajenti inapewa mu programu yenyewe: kama konti yake haina ruhusa ya kubadilisha, hata ikikosea haitabadilisha kitu. Hiyo njo tunaomba kwanza. Kisha mutu mwenye jina asaini mbele ya mishahara kutoka mu bruyo. Na kila kazi ya ajenti ibakie imeandikwa, na siku na saa.

Sheria ya kazi ya 2002 inalazimisha patro kushauriana na delegasyo ya sendika juu ya masaa na namna ya kuhesabu mishahara na primu. Maelezo ya vyombo hivi ni namna ya kuhesabu mishahara. Basi tuyasome, kwa kifaransa chenye kueleweka, mbele ya kuanza.

Delege wako akikuja kuomba fishi zako za miezi tatu ya mwisho, umupe kopi. Orijinali ibakie ku nyumba.