Shadda katika "impenetrability"

Neno hili, lenye maana ya hali ya kutopenyeka, ukilikuta katika riwaya teule ya Kiingereza usiliruke. Ligawe: im-pen-e-tra-bil-i-ty. Silabi 7. Hesabu irabu zinazosikika. "Y" ya mwisho nayo hutamkwa kama irabu.

Sasa shadda, na hapa ndipo wengi hukwama. Kiswahili kimetuzoesha kukaza silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, ki-ta-BU-ni. Ukiyafuata mazoea hayo, utakaza "i" iliyo kabla ya "ty", na katika swali la matamshi alama itakupita. Neno la Kiingereza linaloishia kwa -ity hukazwa silabi ya tatu kutoka mwisho: im-pen-e-tra-BIL-i-ty.

Kumbuka pia kwamba shadda huhama. Katika "impenetrable" imo kwenye PEN; ukiongeza -ity inahamia BIL, na PEN hubaki na mkazo hafifu tu. Unadhani hilo ni dogo? Tamka baraBAra, yaani njia, kisha baRAbara, yaani sawasawa.

Jaribu mwenyewe, kwa sauti: "magnanimous", halafu "magnanimity".