Kabla ya Kununua Nyumba, Tazama Chini ya Rangi

Hakuna kazi rahisi katika nyumba kama kupaka rangi. Mafundi wawili na ndoo chache wanaweza kuifanya nyumba ya miaka 15 ionekane kama iliyokamilika jana. Kwa hivyo mkazi wa Kilifi anayetafuta nyumba, iwe Mtwapa, Malindi au Mariakani, anashauriwa aanze na yale ambayo rangi haiwezi kuyatengeneza: vyuma vilivyo ndani ya zege, msingi, na maji. Mlango mbovu hubadilishwa kwa siku moja. Slabu iliyoharibika inaweza kukugharimu akiba ya miaka.

Hapa pwani adui mkubwa ni chumvi. Wako wajenzi ambao, kwa kupunguza gharama, huchanganya zege kwa mchanga wa ufuoni usiooshwa au kwa maji ya kisima yenye chumvi. Zege hilo hushika vizuri na mwanzoni halionyeshi dalili yoyote. Baadaye chumvi huvifanya vyuma vishike kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hivyo huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Utaona ufa ulionyooka ukifuata mstari wa chuma kwenye nguzo au chini ya boriti, kisha madoa ya kahawia, na mwishowe vipande vya zege huanguka. Tazama hasa chini ya slabu ya veranda, chini ya ngazi na mahali tangi la maji lilipowekwa. Gonga kwa nyundo ndogo: mlio mzito ni dalili njema, mlio wa debe tupu unaonyesha kuwa zege limeachana. Ukikuta kiraka kipya cha plasta mahali kama hapo, uliza kimefunika nini.

Si kila ufa ni wa kuogopa. Nyufa nyembamba kama unywele juu ya plasta ni za kawaida, kwani plasta husinyaa inapokauka. Lakini ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, unaotokea hadi upande wa pili wa ukuta, au unaoweza kuingiza sarafu, huenda unatokana na msingi uliosogea. Ikiwa mlango wa chumba hicho hicho pia haufungiki sawasawa, mashaka yako yana msingi kuliko nyumba.

Mawe ya matumbawe tunayojengea ni mazuri, ila yana vitundu na hunyonya maji. Pasipo kizuizi cha unyevu juu ya msingi, maji hupanda ukutani, rangi hubambuka karibu na sakafu na unga mweupe hujitokeza. Ukiweza, itazame nyumba mwezi wa Mei mvua zikiwa zimeshika, au angalau siku moja baada ya mvua. Fungua mifereji yote kwa pamoja na uvute maji chooni. Uliza shimo la maji taka liko wapi na kisima kiko wapi. Mara nyingi hushauriwa viachane kwa mita 30 au zaidi. Kuhusu mabati, kumbuka kuwa geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28, ingawa namba yake ni kubwa.

Kisha karatasi. Wanunuzi wengi hufanya uchunguzi wa hati miliki na kuishia hapo. Hati hiyo inahusu ardhi tu, haisemi lolote kuhusu jengo. Mwombe muuzaji ramani zilizoidhinishwa na kaunti pamoja na cheti cha kuruhusu watu kukaa katika jengo, halafu hesabu ghorofa. Ramani ikionyesha 3 na wewe unaona 4, msingi na nguzo zimebebeshwa mzigo ambao huenda hazikukusudiwa kuubeba. Mwezi wa Aprili 2016, jengo la makazi liliporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua kubwa, likiwa na wapangaji ndani. Watu zaidi ya 40 walifariki.

Bei nayo ina hesabu yake. Tuchukue mfano: ploti kama hiyo mtaani inauzwa shilingi 1,500,000, na nyumba ina mita mraba 100. Mkadiriaji wa gharama akikwambia kujenga nyumba ya aina hiyo leo ni shilingi 40,000 kwa mita mraba, nyumba mpya kabisa pamoja na ploti ingefika shilingi 5,500,000. Muuzaji anayetaka 6,500,000 kwa nyumba ya miaka 12 ana jambo la kueleza. Pengine ni barabara, pengine ni ukaribu wa bahari, pengine ni rangi tu. Gharama ya kila kasoro uliyoikuta ipunguzwe katika bei kabla ya kutia sahihi, wala usikubali ahadi kwamba fundi atakuja wiki ijayo.

Mlipe mhandisi aliyesajiliwa aikague nyumba, na umtafute wewe mwenyewe, si yule anayeletwa na dalali. Nambari ya ploti ukiwa nayo, fika katika ofisi ya mipango ya kaunti uulize kama ramani za jengo hilo ziliidhinishwa, na ziliidhinisha ghorofa ngapi. Fanya hivyo kabla ya kulipa arbuni.