Negativu za Zamani Zisiozee Sandukuni

Je, msomaji mpenzi, kwenu liko sanduku lenye negativu za zamani? Wengi hutunza picha ya ukutani na kutupa negativu, maana ndani yake kanzu nyeupe huonekana nyeusi, na nyuso zetu huwa nyeupe kama karatasi. Lakini negativu ndiyo mama wa picha. Picha ikichakaa, mama aweza kuzaa nyingine.

Kwanza, zinuse. Zikitoa harufu ya siki, filamu imeanza kuoza. Joto na unyevu huzidisha ugonjwa huo, nao hauna dawa. Zitenge na nyingine, tena zitangulie kunakiliwa. Angalia pia filamu za naitreti, za kabla ya miaka ya 1950: hushika moto upesi sana. Ziweke mbali na jiko na taa.

Pili, nawa mikono, ikauke, kisha shika negativu pembeni tu. Ondoa vumbi kwa brashi laini sana. Usipulize kwa mdomo, maana mate huacha madoa. Usiifute kwa kitambaa: upande usiong'aa ndio wenye picha, nao hukwaruzika upesi.

Tatu, inakili. Skana iwe ya kufaa filamu, yenye kumulika negativu kwa nyuma. Ukiiweka kwenye nukta 2400 kwa inchi, negativu ya milimita 35 itatoa picha ya nukta karibu 3400 kwa 2260, inayotosha kuchapwa kwa upana wa inchi 11. Huna skana? Washa tableti ioneshe weupe mtupu, inua negativu sentimita chache juu ya kioo, zima taa za chumbani, uipige kwa simu iliyo sawasawa juu yake. Kisha programu itageuza weusi kuwa weupe. Skana nyingine hutafuta vumbi kwa mwanga usioonekana. Usitumie njia hiyo kwa filamu ya nyeusi na nyeupe, maana fedha iliyomo huuzuia mwanga huo, na picha huharibika.

Nne, nakala ya kwanza usiiguse. Tengeneza ya pili. Futa vumbi na mikwaruzo, basi. Programu za siku hizi zaweza kubuni macho na mdomo mahali palipofutika. Uso huo utapendeza, lakini hautakuwa wa bibi yenu, na wajukuu watadanganyika.

Mwisho, wapelekee wazee nakala hizo, uwaulize: Huyu nani? Ni wapi? Mwaka gani? Andika yote, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Skana yaweza kununuliwa hata mwakani, lakini mzee ajuaye majina akiondoka, hakuna duka liuzalo majina hayo. Na negativu zenyewe usizitupe: zitie katika bahasha za karatasi, mahali pakavu pasipo joto. Nakala za kompyuta nazo ziwe mahali pawili au zaidi, moja wapo nje ya nyumba yako.