Kompyuta Isomayo kwa Sauti

Huko Tengeru, chini ya Mlima Meru, Chuo cha Ualimu Patandi hufunza walimu wa elimu maalumu. Siku hizi, pamoja na maandishi ya nukta nundu, mwanafunzi asiyeona aweza kusoma kwa kompyuta yenye programu itamkayo maandishi. Mojawapo, NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure.

Programu hiyo husoma herufi. Ukurasa uliopigwa picha hauna herufi, bali vidoa vya rangi tu. Na programu zinazokisia herufi zake hukosea. Hivyo yampasa mwalimu apige chapa maandishi yenyewe, na kila mchoro aueleze kwa maneno: “Kasoko ya Meru, ukingo wa mashariki umebomoka.” Asipofanya hivyo, mwanafunzi huyo ataketi pamoja na wenzake, nalo somo litampita.