Kushindilia Unga wa Kauri kwa Wimbi la Mshtuko

Unajua kwamba densiti ni tungamo gawanya kwa ujazo. Itumie hapa kueleza jinsi unga unavyogeuzwa kuwa kauri ngumu bila kuyeyushwa wote.

Tatizo
Unga wa alumina ukimiminwa chomboni, sehemu kubwa ya nafasi hubaki na hewa. Kwa kawaida hushindiliwa, kisha huchomwa tanuruni kwa saa kadhaa, chini ya kiwango chake cha kuyeyuka, hadi punje zishikane. Lakini joto la muda mrefu hukuza punje, na kauri yenye punje kubwa mara nyingi huwa dhaifu.

Hatua za njia ya mshtuko
1. Wataalamu hujaza unga katika bomba la chuma na kuliziba.
2. Baruti huzungushiwa bomba, kisha huwashwa upande mmoja.
3. Mlipuko husafiri kilomita kadhaa kwa sekunde, ukilibana bomba kuelekea katikati.
4. Wimbi hupita ndani ya unga kwa mikrosekunde chache. Kanieneo hufikia gigapaskali kadhaa. GPa 1 ni karibu mara 10,000 ya kanieneo la hewa.

Kwa nini punje hushikana?
Matundu yanapofungwa ghafla, punje hugongana na kusuguana. Nishati nyingi hugeuka joto kwenye nyuso zake, nazo huyeyuka kidogo. Sehemu ya ndani, isiyo na joto kali, hunyonya joto hilo upesi. Punje huungana kabla hazijapata muda wa kukua.

Udhaifu
Wimbi likifika ukingoni hurudi likivuta badala ya kubana. Kauri huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa, hivyo hupata nyufa. Ndiyo maana tanuru bado linatumika zaidi.

Swali la mfano
Unga wa alumina wa g 200 una ujazo wa cm³ 100. Baada ya mshtuko, ujazo ni cm³ 52. Densiti ya alumina isiyo na matundu ni 4.0 g/cm³. Tafuta asilimia ya matundu kabla na baada.

Jibu
Ujazo wa alumina yenyewe = 200 ÷ 4.0 = cm³ 50.
Kabla: (100 − 50) ÷ 100 = 50%.
Baada: (52 − 50) ÷ 52 = 3.8%.

Kumbuka: Usiandike kwamba mshtuko huongeza tungamo. Tungamo halibadiliki, kinachopungua ni ujazo, ndipo densiti hupanda.